Siku Ishirini na Moja Ubaoni

Kabla ya shela, kabla ya keki na mshereheshaji,
kuna mimi, na pini nne,
na ubao ulioliwa na mchwa kwenye korido ya boma,
Tabora mjini.
Nabandika majina yenu siku ishirini na moja.
Mwenye pingamizi na aje aseme.
Mara nyingi anayekuja ni mjusi:
anapanda juu ya jina la bibi harusi,
anatikisa kichwa,
anashuka.

Msimu naujua. Malipo ya tumbaku yakishatoka Urambo
foleni hufika mpaka kwenye bomba la maji,
wanaume wananukia marashi mapya
na, chini yake, moshi wa bani.

Wananiuliza yasiyomo kwenye fomu.
Mama, keki iwe ya ngazi ngapi?
Mama, ukumbi kule Cheyo, au turubai uani?
Nami, mtumishi wa umma, ngazi ya kati,
nafunga jalada, navuta kikokotoo.
Wageni mia mbili ni sahani mia mbili na hamsini,
kwa kuwa kamati ina mashemeji, na mashemeji wana njaa.
Ahadi za michango zigaweni kwa mbili.
Mpiga picha apewe nusu, nusu mpaka picha zionekane.
Na viatu, binti yangu, vivae wiki nzima nyumbani,
menya navyo viazi,
usije ukaapa huku kidole kinalia.

Kisha tunafika kwenye kisanduku.
Sheria ndiyo inayouliza, si mimi:
ndoa hii ni ya mke mmoja,
au yaweza kuwa ya wake wengi?
Hapo feni husikika.
Nkwabi wa Isevya alielea na kalamu
kama mwewe juu ya vifaranga.
Hatuwezi kuacha wazi kwanza? akauliza.
Milembe hakupaza sauti.
Alifungua mkoba, akatoa kalamu yake mwenyewe,
akailaza mezani, kifuniko kimeshatolewa.
Nkwabi akaweka vema
palipo pema.

Jumatano iliyopita walikuja Kasanda na Nyanzala,
wajukuu saba, cheti hakuna.
Ofisi ya mafao ilimwambia mstaafu wa reli
kwamba mwanamke anayempikia hajulikani.
Sikuwa na la kuwapangia.
Ukumbi wao ulikuwa benchi langu,
karamu yao chupa ya chai
na michembe ndani ya kitambaa.
Nikasoma maneno yote, sikuruka hata koma,
ingawa mhasibu alikuwa ananiita.
Kasanda, unamkubali Nyanzala awe mke wako?
Akanitazama kama abiria aliyedaiwa tiketi
akiwa ameshafika kwake.
Tangu mwaka wa elinino, akasema.
Andika ndiyo, mwanangu, Nyanzala akadakia,
huyu ataeleza mpaka treni ya Mpanda iondoke.

Alibonyeza kidole gumba kwenye wino.
Nikampa kitambaa, akakataa.
Alitoka amekisimamisha mpaka getini,
kama mtu aliyetoka kupiga kura
na mgombea wake
ana hakika ya kushinda.

Mnaniuliza na mimi?
Cheti changu kimo humu, kabati la chini, jalada la bluu.
Nilikipiga chapa mwenyewe, karani mpya, mikono ikitetemeka,
nikakosea herufi moja ya jina lake.
Akacheka, akatia sahihi juu ya kosa.
Sasa yuko Mwanza, au alikuwa Mwanza.
Kuchokoachokoa rejesta ni kosa kisheria,
kwa hiyo ile herufi nimeiacha.
Siku nyingine nafungua kuitazama,
nafunga,
navunja biskuti kwenye chai.

Mwangaluka, mama. Kijana mlangoni,
shati bado lina mikunjo ya dukani,
nyuma yake msichana anakagua kucha zake.
Wangaluka, ingieni.
Mmekuja na picha za pasipoti? Hizi mbili hazitoshi.
Kaeni hapo. Na huyo shangazi aliyebaki nje
mwiteni, jua kali.
Majina kamili, taratibu, herufi kwa herufi.
Ngojeni kwanza
nitafute pini.